Kwa nini daktari anakubali kubaki kijijini? Historia ya Oicha, Nyankunde na Lemera

Leo tunaacha kidogo habari za kila siku na kuingia katika historia.

Kuna maswali ambayo yanarudi kila mara familia zinapoanza kuongea juu ya kurudi kijijini. La kwanza ni usalama. La pili ni mashamba, nani anayalima sasa. La tatu, na mara nyingi ni akina mama wanaoliuliza, ni hili: je, munganga amerudi? Mama mwenye mimba ya miezi minane hawezi kurudi mahali ambapo, mtoto akikaa vibaya tumboni, hakuna mtu wa kumpasua. Atabaki kambini pamoja na matope na njaa yake, kwa sababu kambini kuna hema la waganga na gari la kumpeleka mjini.

Basi swali la daktari wa kijijini ni swali la kurudi nyumbani. Na hapo ndipo tunakutana na msemo mmoja mbaya unaotembea Goma, Bukavu, Butembo, hata katika midomo ya wazazi waliolipa masomo ya udaktari: kwamba daktari anayebaki kijijini ni yule aliyekosa nafasi mjini. Mwandishi wenu haukubali msemo huo. Historia ya sehemu zetu za mashariki inaonyesha watu ambao mji uliwataka na wao wakachagua kilima au pori. Tuangalie ni nini kiliwapeleka kule, na zaidi ya hapo, ni nini kiliwafanya wabaki. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Tuanze na wakati wa Wabeleji, na hapo hatutakawia. Wakati ule daktari hakuchagua kijiji, Leta ndiyo iliyomtuma. Ubelgiji ilifungua shule ya magonjwa ya nchi za joto Brussels mwaka 1906, ikahamia Antwerpen mwaka 1933, na madaktari waliopita pale walipangiwa Kongo kama maafisa wengine wa Leta. Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa malale. Daktari alizunguka na wauguzi wake kijiji kwa kijiji, watu wakapangwa mstari, wakapapaswa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Wazee wengi walikumbuka zaidi kupangwa mstari kuliko kutibiwa. Mwaka 1930 ukaja mfuko wa Malkia Elisabeth, FOREAMI, ulioanza kazi yake upande wa Bas-Congo. Huku kwetu Kivu, Chuo Kikuu cha Louvain kilijenga hospitali ya Katana, kando ya ziwa, mwishoni mwa miaka ya 1920, kupitia shirika lake la FOMULAC. Hadi leo kuna watu wa Katana wanaosema "naenda Fomulac" wakimaanisha hospitali.

Lakini mlango mmoja ulibaki umefungwa. Mkongomani aliweza kuwa muuguzi, na tangu miaka ya 1930 aliweza kuwa msaidizi wa daktari, yule aliyeitwa kwa Kifaransa "assistant médical", mtu aliyejua kazi nyingi za daktari bila kuwa na jina wala mshahara wa daktari. Udaktari kamili hapana. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na masomo ya udaktari ni marefu. Ndiyo maana siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi hii kubwa haikuwa na daktari Mkongomani hata mmoja aliyemaliza masomo kamili. Wiki chache baadaye, jeshi lilipoasi, madaktari wengi Wabeleji walipanda ndege na kuondoka. Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu walituma watu kutoka nchi nyingi, na hata kutoka Haiti walikuja wataalamu. Wasaidizi wa daktari walipelekwa Ufaransa kumaliza masomo, wakarudi wakiwa madaktari kamili, wakaungana na wale wa kwanza wa Lovanium.

Angalia vizuri jambo hilo, maana lina uzito hadi leo. Kizazi cha kwanza cha madaktari wetu kilizaliwa katika nchi iliyowahitaji kila mahali kwa wakati mmoja. Wizara iliwahitaji, chuo kikuu kiliwahitaji, hospitali kubwa za miji ziliwahitaji. Hakuna wa kuwalaumu kwa kubaki Kinshasa. Lakini tangu pale, katika kichwa cha Mkongomani, daktari ni mtu wa mji, na kijiji ni cha muuguzi na masista.

Sasa tuje Oicha.

Carl Becker alikuwa daktari Mmarekani mwenye kazi nzuri katika mji mdogo wa Boyertown, Pennsylvania. Mwaka 1929 aliacha kazi hiyo, akaja Kongo na mke wake Marie na watoto, chini ya misioni ya Africa Inland Mission. Tangu mwaka 1934 alikaa Oicha, kaskazini ya Beni, kwenye mlango wa msitu wa Ituri. Wakati ule hapakuwa na mji pale, palikuwa na msitu na watu wa msitu. Nyumba za kwanza zilikuwa za udongo na majani.

Ni nini kilimleta? Imani yake, bila shaka, naye hakuificha. Lakini imani inaeleza safari tu. Kukaa miaka thelathini hivi mahali pamoja ni jambo lingine. Wamisionari wengi wenye imani ileile walirudi kwao baada ya miaka michache, kwa sababu ya homa, kwa sababu ya watoto, kwa sababu ya upweke.

Tukisoma maisha ya Becker tunaona mambo matatu yaliyomshikilia, na hakuna hata moja ambalo ni la muujiza. Kwanza, mke wake alikuja kwa hiari yake na alikuwa na kazi yake ya kufanya pale. Pili, alipata ugonjwa ambao Oicha tu ndipo angeweza kuufanyia kazi kwa ukubwa ule, yaani ukoma. Wakoma walitoka pande zote kwa maelfu, wakajenga kijiji chao karibu na hospitali, na Becker alifuatilia dawa mpya za ukoma zilipotokea, mpaka wataalamu wa ugonjwa huo kutoka mbali walikuja kuona kazi ya Oicha. Daktari wa porini hakuwa mtu aliyesahauliwa, alikuwa mtu anayejua kitu ambacho wengine walikuja kujifunza. Tatu, hakufanya kazi peke yake. Aliwafundisha Wakongomani kushika kisu cha upasuaji wakati ambapo Wazungu wengi waliona jambo hilo haliwezekani.

Hilo la tatu lilionekana faida yake mwaka 1964. Waasi wa Simba walipokaribia, Becker na wenzake walilazimika kukimbilia Uganda. Kazi ya Oicha ilibaki mikononi mwa Wakongomani aliowafundisha.

Mwaka uleule, upande wa kaskazini-magharibi, huko Wasolo katika Ubangi, alikuwapo daktari mwingine Mmarekani, Paul Carlson. Huyu alikuja mara ya kwanza mwaka 1961 kwa miezi michache tu, kusaidia. Alirudi kwao, akashindwa kukaa, na mwaka 1963 akarudi Kongo na familia yake akiwa na nia ya kubaki. Aliuawa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, tarehe 24 Novemba 1964. Tunamtaja kwa sababu ya ile miezi michache ya kwanza. Tutaona mbele kwamba jambo hilo linarudi: mtu anayeonja kazi ya kijijini kwa muda mfupi, akiwa bado kijana, ndiye mara nyingi anayerudi.

Na kulikuwa na mwanamke, Helen Roseveare, Mwingereza aliyesoma Cambridge. Alifika mwaka 1953 upande wa Ibambi, akajenga hospitali Nebobongo. Alikuwa daktari mmoja kwa umati wa watu, na aliona haraka kwamba mikono miwili haitoshi, basi akaanza kufundisha wauguzi. Mwaka 1964 waasi walimshika, wakampiga na kumbaka. Aliachiliwa, akarudi Uingereza. Angeweza kubaki kule, na hakuna ambaye angemuuliza neno. Mwaka 1966 alikuwa tena Kongo, akifundisha wauguzi Nyankunde mpaka mwaka 1973. Akina mama wengi wanaotusikiliza wanajua maana ya kurudi mahali ambapo mtu alikutendea hivyo. Baadaye alisema na kuandika waziwazi juu ya yaliyompata, wakati ambapo wanawake wachache walithubutu.

Nyankunde yenyewe ilizaliwa katika moshi wa vita hiyo. Mwaka 1965 Becker na misioni kadhaa za Kiprotestanti waliona kwamba kila misioni kuwa na daktari mmoja aliyechoka porini ni hatari. Afadhali kuweka madaktari wengi mahali pamoja, karibu na Bunia, na kutoka pale kwenda kwa ndege ndogo kutembelea hospitali za mbali. Ndivyo kilivyoanza Kituo cha Matibabu cha Nyankunde, na shule yake ya wauguzi. Kwa maoni yangu hilo ni wazo bora kuliko yote katika historia hii, na ni wazo la kawaida kabisa. Daktari wa kijijini hakimbii kijiji tu. Anakimbia kuwa peke yake saa nane ya usiku mbele ya mgonjwa asiyemwelewa, bila mwenzake wa kumuuliza. Mpe wenzake wawili na ndege inayokuja kila mwezi, atavumilia mambo mengi. Becker mwenyewe alirudi Marekani katika miaka ya 1970 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80.

Wazee wa Ituri wanajua mwisho wa sura hiyo. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa. Watu walitafutwa kwa kabila lao, na wagonjwa waliuawa vitandani. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu angalau watu 1,200 waliouawa. Wafanyakazi na wagonjwa waliosalia walitembea siku nyingi kwa miguu kuelekea Oicha na Beni, wakibeba wasioweza kutembea. Yaani Oicha, iliyozaa Nyankunde, ndiyo iliyopokea wakimbizi wa Nyankunde. Shule ya wauguzi iliendelea Beni, ukimbizini. Na miaka iliyofuata hospitali ya Nyankunde ilijengwa tena polepole, na madaktari Wakongomani wakarudi kufanya kazi pale pale. Anayesema madaktari wetu wanaogopa kijiji aende kwanza kuuliza Nyankunde.

Kabla ya kuja Kivu ya Kusini, tusimame kidogo Yambuku, mbali kule karibu na Bumba, ili tuone kijiji bila daktari kinafananaje. Hospitali ya misioni ya Yambuku mwaka 1976 ilikuwa na vitanda 120 na wafanyakazi 17, wakiwemo masista Wabeleji. Haikuwa na daktari. Masista walikuwa watu wa bidii, watu walitembea mbali kufika kwao kwa sababu walikuwa na dawa. Lakini sindano zilikuwa chache sana. Zile chache zilitumika siku nzima kwa wagonjwa wote wa nje, zikisuuzwa tu kati ya mtu na mtu. Ebola ilipoingia, sindano hizo zikaisambaza. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Simaanishi kwamba daktari mmoja angezuia ugonjwa ambao dunia haikuwa na jina lake. Lakini hospitali ya vitanda 120 bila daktari, bila mtu mwenye wajibu wa kusimamia usafi wa vyombo, ndiyo hali ambayo nchi ilizoea kuiona kuwa ya kawaida. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyetumwa kutoka Kinshasa kwenda kuchunguza, alirudi na damu ya wagonjwa, na kazi yake yote ya baadaye ilianzia kwenye safari ile ya kijijini.

Sasa Lemera.

Wengi wanamjua Denis Mukwege kwa Panzi na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2018, aliyoipata pamoja na Nadia Murad. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya Panzi alikuwa daktari wa kijijini. Alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyoandamana na baba yake, akiwa mtoto, kwenda kuombea wagonjwa, na jinsi alivyoshangaa kwamba baba anaomba halafu anaondoka bila kutoa dawa. Baba akamweleza kwamba yeye si munganga. Mtoto akaamua kuwa munganga, ili baba aombe na yeye atibu.

Alisoma udaktari Bujumbura, akamaliza mwaka 1983. Hapo angeweza kutafuta nafasi Bukavu au Kinshasa. Akaenda Lemera, teritwari ya Uvira, juu ya milima inayotazama bonde la Ruzizi, katika hospitali iliyojengwa na misioni ya Wapentekoste wa Sweden. Wazo lake la kwanza lilikuwa kutibu watoto. Lemera ilimbadilisha. Aliona akina mama wakiletwa kwa machela kutoka mbali milimani, wengine baada ya siku nyingi za uchungu, mtoto amekwisha kufa tumboni, mama anavuja damu au mkojo. Wengine walifika wakiwa tayari maiti. Akaona kwamba mtoto hawezi kuokolewa kama mama hakuokolewa kwanza. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi.

Hapa ndipo penye funzo lote la makala hii, basi tulitazame vizuri. Kijiji ndicho kilichomfundisha achague somo gani. Hakwenda Ulaya ili atoke Lemera, alikwenda kwa sababu ya Lemera. Na mwaka 1989, akiwa mtaalamu aliyeweza kupata kazi Ufaransa kwa mshahara ambao hapa hatuwezi hata kuutamka, alirudi Lemera. Akawa daktari mkuu wa hospitali. Wakunga wakafundishwa, na akina mama wenye mimba ngumu wakaanza kuletwa mapema badala ya kuletwa wakati wa kufa.

Tarehe 6 Oktoba 1996, mwanzoni mwa vita ya kwanza, Lemera ilishambuliwa. Watu zaidi ya 30 waliuawa, wakiwemo wagonjwa katika vitanda vyao na wauguzi. Mukwege hakuwepo siku ile. Alikimbilia Nairobi, halafu akarudi. Mwaka 1999 Panzi ilifunguliwa pembeni ya Bukavu, ikikusudiwa kwa akina mama wa kuzaa. Mgonjwa wa kwanza aliyefanyiwa upasuaji alikuwa mwanamke aliyebakwa kikatili. Yanayofuata mnayajua.

Tazameni kwamba Lemera na Nyankunde zote mbili zilivunjwa na watu wenye silaha, wala si kwa kukosa madaktari. Madaktari walikuwapo, walikuwa wamechagua. Tunapoongea leo juu ya madaktari "wanaokimbia vijiji," tukumbuke pia nani aliyewafukuza.

Hata hivyo hatuwezi kujenga afya ya nchi kwa kungoja mtu mmoja mwenye moyo kama Mukwege azaliwe katika kila teritwari. Hilo lilifikiriwa zamani, na lilifikiriwa hapa hapa kwetu. Katika Kasongo, Maniema, tangu mwaka 1971, timu moja iliyofanya kazi na chuo cha Antwerpen ilijaribu njia nyingine. Badala ya kuwa na hospitali moja inayomeza kila mtu, walipanga vituo vidogo vya afya vyenye muuguzi mwenye uwezo, karibu na watu, na hospitali moja ya kupokea wagonjwa waliomshinda. Daktari hakuwa tena mtu wa kutibu kila kikohozi, alikuwa mtu wa kufundisha, kusimamia na kupasua. Mawazo ya Kasongo na ya hospitali nyingine za misioni yaliingia katika siasa ya Leta. Tangu mwaka 1981 mradi wa SANRU, pamoja na Église du Christ au Zaïre, ukasaidia kueneza zoni za afya. Katika miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zoni 306. Leo ni zaidi ya 500. Kila mkaaji wa Kivu anajua jina la zoni yake ya afya, hata mtoto wa shule, na watu wengi wa nchi tajiri hawana habari ya kitu kama hicho.

Kasongo ilionyesha pia kitu kidogo ambacho wakubwa wa mjini husahau. Daktari anabaki mahali ambapo kazi yake ina maana na ina mpango. Anayekaa siku nzima akiandika parasetamoli kwa watu mia, bila maabara, bila mafuta ya jenereta, anaona masomo yake ya miaka saba yanaoza kichwani. Huyo ataondoka hata ukimlipa.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilikusanya mafunzo ya nchi nyingi juu ya jambo hili, na jibu la kwanza lilikuwa lile ambalo bibi yako angekupa bila utafiti: chukua mtoto wa kijiji, msomeshe, ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi kijijini. Jibu lingine ni lile la Carlson, kwamba mwanafunzi apelekwe kijijini wakati bado anasoma. Halafu zinakuja nyumba ya kukaa, mshahara, nafasi ya kuendelea na masomo, na kuwasiliana na wenzake. Tukiyaangalia majibu hayo huku kwetu, tunaona mahali tunapokwama.

Mtoto wa kijiji, kwanza, nani anamsomesha? Masomo ya udaktari ni marefu na ya bei kali. Familia ya Walikale au ya Fizi inauza ng'ombe, inauza shamba, inakopa. Mtoto akimaliza ana deni la ukoo mzima juu ya mabega. Wadogo zake wanangoja awalipie shule. Mtu kama huyo akikimbilia Goma au kwenye shirika la kigeni linalolipa dola, tusiseme amesaliti kijiji. Kijiji chenyewe kimemtuma akatafute.

Kuhusu mshahara, wengi wanajua jinsi mambo yalivyo. Kuna madaktari wenye namba ya Leta na wanaopata primi ya hatari, kuna wenye namba bila mshahara, na kuna wasio na chochote isipokuwa kile ambacho hospitali inagawa mwisho wa mwezi kutokana na malipo ya wagonjwa. Sasa fikiria zoni ambayo watu wake wote wamekimbia. Wagonjwa hawana cha kulipa, basi hospitali haina cha kugawa. Vita inamfukuza daktari mara mbili, mara ya kwanza kwa risasi, mara ya pili kwa sanduku tupu. Ongeza kwamba benki ziko mjini, na anayekwenda kuchukua primi yake anaacha hospitali siku tatu, akipita vizuizi ambavyo kila kimoja kinaomba kitu.

Na kuna jambo ambalo wanaume hawapendi kulisema kwenye mikutano. Daktari ana mke, au daktari ni mwanamke na ana mume. Kama mke ni mwalimu na hakuna nafasi ya shule, kama mtoto wa darasa la nne anasomea chini ya mti, ndoa ndiyo inayoamua, hata kama daktari mwenyewe anapenda kijiji. Marie Becker alibaki Oicha, ndiyo maana Carl Becker alibaki Oicha. Kwa daktari mwanamke asiyeolewa ni vigumu zaidi: nyumba isiyo na mlango imara, safari za usiku, na wakubwa wenye silaha wanaobisha hodi. Vijiji vinavyotaka daktari mwanamke, na akina mama wengi wanamtaka, vinapaswa kuanza na mlango huo.

Kwa bahati kuna mambo ambayo hayangojei Kinshasa. Kamati za afya zipo katika vituo vingi, na salongo tunaijua tangu wazee wetu. Nyumba ya daktari yenye vyumba viwili, choo na paa la mabati ni kazi ambayo kijiji kinaweza. Kupokea wanafunzi wa udaktari wanaokuja kwa stajii, kuwapa mahali pa kulala na mtu wa kuwaonyesha njia, hilo pia linawezekana, na hakuna anayejua nani kati yao atarudi. Mukwege alikuwa kijana tu mwenye diploma mpya alipofika Lemera. Hakuna aliyeweza kusoma usoni mwake kwamba angekaa.

Butembo, Bukavu, Goma na Bunia zina vyuo vikuu vinavyofundisha udaktari, jambo ambalo kizazi cha mwaka 1960 hakikuliota. Wanafunzi wa miaka ya mwisho wanatumwa katika hospitali za rufaa za zoni. Wengine wanapangiwa mahali ambapo watu wameanza kurudi, mahali ambapo hospitali ina kuta lakini vitanda viliibwa.

Kama katika zoni yenu kuna daktari au muuguzi aliyebaki wakati wa vita, au aliyekimbia pamoja nanyi na bado anawatibu kambini, tungependa kusikia habari zake. Mwambieni mwandishi wetu anapopita. Kwa ajili ya usalama wake hatutataja jina lake, tutasema jina la mahali tu, na ni kazi gani anaifanya.